Dari Inashuka, Siti Inazama: Kutafuta Chanzo Ndani ya Gari la Zamani

Watu wengi wanaojishonea wenyewe ndani ya magari ya zamani hukwama mahali pamoja: wanatibu kitambaa. Dari ikishuka wanabandika upya. Siti ikilegea wanakaza kava. Msimu mmoja wa jua kali ukipita tatizo linarudi palepale, na safari hii kitambaa kipya kimeshakatwa na pesa imeshakwenda. Kitambaa ni shahidi tu. Mkosaji karibu siku zote yuko chini yake: sponji, springi, ufito, gundi, uzi, au maji yaliyopenya mahali ambapo hukutazama.

Mifano yangu mingi ni ya Volkswagen Beetle ya miaka ya 1960 na 1970. Bado zipo kwenye nyua za watu, kuanzia Nairobi hadi Tanga, na ndani yake karibu kila kitu kinafunguka kwa bisibisi na subira. Tena gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962 linastahili dari iliyonyooka.

Ijue dari yako kwanza

Weka kiganja katikati ya dari, sukuma polepole kwenda juu. Kama kiganja kinapita kwenye nafasi tupu kabla ya kugusa bati, dari yako imetundikwa kwenye fito: vyuma vyembamba vilivyopinda, vinavyovuka gari kutoka upande hadi upande, kila kimoja kikiwa kimepita ndani ya pindo lililoshonwa mgongoni mwa kitambaa, mfano wa fimbo ya pazia. Beetle iko hivyo, Morris Minor iko hivyo. Kama unagusa kitu kigumu papo hapo, kitambaa kimebandikwa kwenye ubao uliofinyangwa kufuata umbo la paa, kama ilivyo kwenye magari mengi ya kuanzia miaka ya 1980. Magonjwa ya dari hizi mbili yanafanana kwa macho, lakini dawa ya moja ni sumu kwa nyingine. Ukipulizia gundi dari ya fito katikati, hakuna kitu cha kuishika. Unalowesha kitambaa bure na kukiachia doa la kudumu.

Dari ya ubao imening'inia

Kati ya kitambaa na ubao kuna tabaka jembamba la sponji, kwa kawaida milimita 3 hivi. Joto na unyevunyevu huivunja sponji hiyo taratibu mpaka inakuwa unga. Gari linaloshinda juani Mombasa au Dar es Salaam linapata vyote viwili.

Kupima ni rahisi. Inua ukingo wa kitambaa karibu na kioo cha nyuma, pitisha kidole mgongoni mwake. Kidole kikirudi na unga wa rangi ya chungwa au kahawia unaonata, gundi haina kosa, sponji imekufa. Gundi yoyote utakayoongeza itaushika ule unga, na unga hauna cha kushika. Ndiyo sababu dari iliyobandikwa juu kwa juu huanguka tena hata kama gundi ilikuwa ya bei ghali.

Toa ubao mzima nje ya gari. Usifanye kazi hii umelala chali ndani. Sugua unga wote kwa brashi ya nailoni, si ya waya, maana ya waya huuchana ubao na kila chimbo litaonekana kwenye kitambaa kipya. Vaa barakoa na mikono mirefu, kwa sababu mbao nyingi zina nyuzi za kioo ambazo huwasha ngozi na koo. Rudia mpaka kiganja kikipita juu ya ubao kinarudi safi. Hapo ndipo penye kazi. Kubandika kwenyewe ni sehemu fupi.

Nunua kitambaa cha dari chenye sponji yake mgongoni. Kitambaa kitupu, hata kiwe kizuri namna gani, kitaonyesha kila kovu la ubao. Paka gundi pande zote mbili, usubiri mpaka ukigusa kidole kinaondoka kikavu. Kisha tandaza kitambaa, kunja nusu, bandika nusu nyingine ukianzia katikati kwenda pembeni kwa kiganja kilichofunguka, halafu malizia iliyobaki. Kwenye mabonde ya ubao usisukume kwa vidole: sponji ikikandamizwa ikiwa imelowa gundi haiinuki tena, na alama ya vidole itabaki.

Gundi ya viatu ya kopo inashawishi kwa bei. Ikipakwa kwa brashi huacha mistari inayosomeka juu ya kitambaa, na nyingi hulainika bati linapopata moto. Chini ya paa lenye rangi nzito, jua la saa saba mchana linaweza kupitisha nyuzi 70 za Selsiasi. Tafuta gundi ambayo kopo lake linasema wazi kwamba inastahimili joto, na uipulize, usiipake kwa brashi. Fanya kazi mahali penye hewa na pasipo na moto wa aina yoyote; mvuke wa gundi hizi unashika moto na unalevya.

Jambo moja la pwani: ukiona gundi imekuwa na utando mweupe kabla hujabandika, ni unyevu wa hewa. Dawa iliyomo kwenye gundi inapopaa huupoza uso wake, na maji ya hewani yanatua juu yake. Ukibandika hapo, haishiki. Pasha kwa draya ya nywele mpaka weupe uishe, au ngoja mchana uchangamke. Wakati wa masika usianze kazi hii asubuhi.

Dari ya fito ina mikunjo

Hapa ndipo watu wengi wanapokata tamaa, na kwangu mimi ndipo penye raha yote ya kazi hii, kwa sababu mkunjo hausemi uongo. Kila mkunjo una mwelekeo, na mwelekeo ndio jibu.

Pitisha kidole kuukatiza mkunjo. Ukiwa mgumu, umekaza, kitambaa kimevutwa kupita kiasi kufuata urefu wa mkunjo ule. Legeza ncha moja. Ukiwa laini na unahama ukiusukuma, kitambaa kimezidi kwa upana. Vuta kutoka ubavuni mwa mkunjo, si kwenye ncha zake. Wanaoanza hufanya kinyume. Wanauona mkunjo, wanashika ncha yake, wanavuta, na mkunjo unazidi kukomaa.

Ukishalielewa hilo, angalia umbo.

Mikunjo mifupi yenye umbo la V, inayotokea mwisho wa kila ufito karibu na mlango, ni ya pindo lililoachwa refu. Ufito unaishia kwenye tundu la fremu, lakini pindo linaendelea na kuzuia kitambaa kisishuke kufuata mbavu za gari. Fumua mwisho wa pindo kwa sentimita 1, vuta kitambaa, tazama. Kama V bado ipo, ongeza sentimita nyingine 1. Unapunguza pindo peke yake, mkasi usiguse kitambaa cha dari. Ukikata kwa pupa utapata kosa la upande wa pili: dari italegea juu ya mlango kwa kuwa ufito hauishikilii tena huko, na pindo lililokatwa halirudi bila kushusha kila kitu na kushona upya.

Bonde pana kati ya fito mbili, wakati sehemu nyingine zimekaza vizuri, linaashiria fito zilizobadilishana nafasi. Fito za Beetle hazilingani kwa urefu wala kwa mpindo. Kabla ufito haujatoka kwenye tundu lake, ufunge karatasi yenye namba, ukihesabu kutoka kioo cha mbele, na uandike ncha ipi ni ya kushoto. Kama gari lilikujia fito zikiwa zimerundikwa kwenye gunia, zipange sakafuni kwa urefu na mpindo, kisha zijaribu juu ya bati tupu kabla ya kuweka kitambaa. Simama nje, chungulia kupitia tundu la kioo cha nyuma: migongo ya fito ifuatane kwa mteremko mmoja laini. Unaochomoza au kuzama peke yake hauko mahali pake, au umepinda vibaya. Magari mengine yana matundu mawili au matatu kila upande kwa ufito mmoja ili kurekebisha kimo; huko tazama alama ya msuguano kwenye rangi, itakuonyesha tundu lililokuwa likitumika.

Mikunjo ya mshazari inayotoka kona za kioo cha nyuma au cha mbele ni ya katikati iliyokosewa. Piga mstari wa chaki katikati ya mgongo wa kitambaa, na alama katikati ya fremu juu ya kioo cha mbele na cha nyuma. Alama hizi zikutane kabla ya jambo lingine lolote. Kwenye kazi hii kuna mambo machache yasiyo na mjadala, na hili ni mojawapo.

Mpangilio wa kuvuta ni huu. Tundika fito zote. Bana katikati nyuma, bana katikati mbele, kisha kaza mbele na nyuma kutoka katikati kwenda kwenye kona. Ndipo uende mbavuni: anza kwenye nguzo ya kati ya mlango, kushoto kidogo, kulia kidogo, ukihama hatua kwa hatua kwenda mbele na nyuma. Usimalize upande mmoja kisha uende wa pili. Utaivuta dari yote ihamie huko. Na wakati wote huu usiguse gundi. Tumia vibanio vya chuma vya karatasi au vibanio vya nguo vyenye springi ngumu, vingi kadiri unavyoweza kupata. Iache dari ilale usiku mmoja kwenye vibanio na ipigwe na jua la mchana unaofuata. Kinachojitokeza baada ya hapo ndicho cha kurekebisha. Gundi huja mwisho.

Jua la mchana nalo lina somo lake. Mikunjo inayotokea saa nane mchana na kupotea usiku haina uhusiano na fito wala katikati. Leza, ile ngozi bandia ya plastiki, hutanuka ikipata joto, na dari iliyokazwa asubuhi ya baridi ya Julai, Nairobi au Iringa, italegea gari likianikwa. Tandaza dari juani nusu saa kabla ya kuifunga, uivute ikiwa bado vuguvugu. Ikipoa itajikaza yenyewe.

Vijikunjo vidogo vinavyobaki baada ya yote hayo ndivyo vya kupewa hewa ya moto. Kwa leza, shika mashine ya hewa moto mbali, sentimita 15 hadi 20, na mkono usitulie mahali pamoja. Kwa dari ya kitambaa tumia mvuke wa pasi bila kugusisha pasi yenyewe. Lakini moto hauondoi kosa la ukataji. Anayetegemea draya kunyoosha dari iliyokosewa katikati ataichoma kabla haijanyooka.

Matundu ya taa ya ndani, vizuia jua na vishikio yakatwe dari ikiwa imekaza kabisa. Papasa mpaka ulisikie tundu la skrubu chini ya kidole, toboa kwa sindano kuhakikisha, kisha kata kidogo kuliko unavyodhani inahitajika. Nyaya za taa zipite kabla dari haijafungwa. Nimeona dari nzuri sana ikishushwa kwa sababu ya waya mmoja uliosahaulika juu.

Madoa ya kahawia kwenye dari

Usikimbilie sabuni. Soma umbo la doa.

Mistari inayovuka gari kwa umbali unaolingana ni kutu ya fito. Shusha dari, piga fito msasa mpaka chuma king'ae, paka rangi ya kuzuia kutu na uache ikauke kabisa kabla ya kurudisha. Doa lenye mipaka iliyokolea na katikati iliyofifia ni maji, na chanzo chake mara nyingi hakiko juu ya doa bali mbele yake au nyuma yake, kwa kuwa maji husafiri juu ya ufito kabla ya kudondoka. Vidoa vya njano vinavyoibuka siku chache baada ya kazi, bila mvua kunyesha, ni gundi iliyopakwa nzito au kubandikwa mbichi, ikapenya kitambaa. Hivi vya mwisho havitoki.

Gari halikuwa likivuja, sasa linavuja

Dari ya Beetle huzunguka ukingo wa fremu ya kioo na kuingia chini ya raba. Ndiyo maana vioo hutolewa kwanza, na anayejaribu kuikwepa hatua hiyo huishia na ukingo unaochomoka. Vioo vikirudi na maji yakaanza kuingia, chunguza mambo mawili. La kwanza, kitambaa kilichopita raba na kutokeza nje hata milimita 2 kitanyonya maji ya mvua na kuyaleta ndani kidogo kidogo, usiku kucha, kwa utulivu ambao hutausikia. Kikate kwa wembe kiishie chini ya raba. La pili ni kona. Kitambaa kilichokunjwa maradufu kwenye kona huinua raba na kuacha nafasi. Kata vipande vya pembetatu kwenye ukingo wa kona ili tabaka moja tu lilale juu ya chuma, ukiacha kama sentimita 1 kabla ya mstari utakaoonekana.

Kupima, mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwagilie maji kwa mpira kuanzia chini ya kioo, apande juu taratibu. Ukianzia juu maji yatashuka kila mahali na hutajua yaliingilia wapi.

Kelele juu ya kichwa

Mlio wa chuma barabara ikiwa mbovu ni ncha za fito zikisugua matundu yake. Kwenye Beetle ncha hizo hukaa ndani ya vishikio vya plastiki, ambavyo huvunjika kwa uzee au hupotea gari linapopigwa rangi. Weka vipya.

Siti inazama, au kava limejaa mawimbi

Kabla ya kulaumu kava, inua siti na uangalie sakafu chini yake. Ukikuta unga na nyuzi za kahawia, umeshapata jibu.

Siti za Beetle za zamani hazikujazwa sponji. Juu ya springi huwekwa kitambaa cha gunia, na juu ya gunia huja mto wa nyuzi zilizonyunyiziwa mpira ili zishikamane: singa za wanyama na nyuzi za makumbi ya nazi. Usumba huohuo ambao watu wa pwani wamelalia kwenye magodoro yao vizazi na vizazi ndio uliokaliwa na madereva wa Wolfsburg, mji wa Ujerumani wenye kiwanda cha Volkswagen. Mpira ukizeeka hukauka na kupukutika, nyuzi zinaachiana, mto unashuka, na kava ambalo urefu wake haujabadilika linabaki na ziada. Ziada hiyo ndiyo mawimbi unayoyaona. Ukiikata na kushona kava dogo, utapata siti ngumu inayokuonyesha springi zake mgongoni.

Anza chini kabisa. Bonyeza kila springi kwa mkono. Iliyovunjika itabonyea bila kukurudisha. Fremu yenye kutu isuguliwe, kwa kuwa kutu hula gunia na uzi. Kisha badilisha gunia. Gunia jipya la juti ni rahisi kupatikana, na kazi yake ni kubwa kuliko sura yake: bila gunia, springi huuma mto na kuutafuna kutoka chini. Wanaoliruka na kuweka sponji moja kwa moja juu ya springi huona unga wa sponji sakafuni mapema mno.

Mto wenyewe, kama bado umeshikamana, uache. Ongeza juu yake karatasi ya sponji ya milimita 10 hadi 25 na utandaze pamba ya poliesta, upime kwa kuvalisha kava bila kulifunga. Kama umekufa, tafuta mto mpya wa usumba uliopigwa mpira. Usumba mkavu usio na mpira utahamahama na kukusanyika pembeni, na sufi ndiyo kabisa haifai: hukandamizika chini ya uzito na kuwa mabonge. Sponji ngumu ya makochi inafanya kazi, mradi iwe nzito, isiyopungua kilo 35 kwa mita ya ujazo. Sponji nyepesi ya godoro la bei nafuu hukaa vizuri dukani, kisha huzama kwa matako ya dereva mmoja.

Kava likiwa limelingana lakini mistari ya mshono inayumba, tatizo liko kwenye ufungaji. Fremu ya Beetle ina meno ya chuma yanayokamata ukingo wa kava. Vuta mbele na nyuma katikati kwanza, kisha pembeni, ukifuata sheria ileile ya dari. Weka kava juani kabla ya kulivalisha. Meno yaliyokatika yasiachwe hivyo. Tumia pete za waya na koleo lake kubana kava kwenye fremu.

Sasa jambo ambalo naomba ulichukulie kwa uzito wote. Betri ya Beetle iko chini ya siti ya nyuma, upande wa kulia. Springi za siti hiyo zikishuka na kugusa vichwa vya betri, umeme unapita kwenye springi, springi zinakuwa nyekundu, na juu yake kuna mto mkavu wa usumba na singa. Magari yameungua hivyo, abiria mzito akiwa ndiye aliyekaa upande ule. Ukinusa harufu ya nywele zilizoungua baada ya kushona siti ya nyuma, simama, toa watu, inua siti. Kinga ni mfuniko wa betri usiopitisha umeme uliofungwa imara, betri yenye kimo sahihi iliyokazwa mahali pake, na tabaka zito la zulia au raba lililofungwa chini ya springi za upande huo. Usirudishe siti ya nyuma kwenye Beetle bila vitu hivi vitatu, hata kwa safari ya dukani.

Mshono umeachia

Tazama kwa makini kilichokatika, maana kuna visa vitatu tofauti.

Uzi umekatika lakini matundu ya sindano ni mazima: uzi umeoza au umesagika. Uzi wa pamba huoza kwa jua na jasho. Nailoni ina nguvu sana lakini jua linaidhoofisha haraka kuliko poliesta, kwa hiyo kwa mishono iliyo wazi juu ya siti tumia poliesta, unene wa Tex 70, na sindano namba 18. Magari ya vijijini yana adui mwingine, vumbi. Chembe za mchanga zikikaa ndani ya mshono husaga uzi kila mtu anapokaa na kuinuka. Pitisha brashi laini na mashine ya kuvuta vumbi kwenye mishono. Ukiifuta kwa kitambaa kilicholowa unalizamisha vumbi ndani.

Leza imechanika kutoka tundu hadi tundu: mishono ilikuwa mifupi mno, na umeitoboa leza mpaka imekuwa karatasi ya kuchania. Shona kwa hatua ya milimita 3 hadi 4. Hapa hakuna dawa ya kushona tena palepale, kipande kinabadilishwa.

Uzi mzima, leza nzima, lakini kipande kimechomoka: uliacha ukingo mdogo. Acha sentimita 1.2 hivi kila upande, na kwenye mishono inayobeba uzito shona mstari wa pili juu, ukikamata ukingo chini yake.

Cherehani ya kukanyaga ya nyumbani inaweza kushona leza tabaka mbili hadi tatu, polepole. Hatua zikitoka ndefu na fupi bila mpangilio, leza inanata chini ya mguu wa cherehani: weka ukanda wa karatasi juu yake, ushone, kisha uichane karatasi. Mashine ikiruka hatua, sindano ni butu au nyembamba. Vitanzi vikijaa upande wa chini, uzi wa juu umelegea. Penye paipini, yaani kamba iliyovikwa leza na kushonwa kwenye kingo, ambapo tabaka hufika nne, ni busara kupeleka kazi kwa fundi makochi mwenye mashine nzito na kumlipa kwa mishono hiyo tu.

Leza inanata, imekakamaa, au imepasuka

Leza, au reksini kama wengine wanavyoiita, hulainishwa na mafuta maalumu yaliyochanganywa humo kiwandani. Miaka na joto huyatoa. Yakitokea juu, leza inanata na kukusanya uchafu. Yakisha, inakakamaa na kupasuka, kwanza juu ya siti karibu na kioo cha nyuma. Yale yanayotokea chini hushambulia gundi na kuilainisha, na hiyo ndiyo sababu ya kingo za leza kuachia kwenye milango hata gundi ikiwa nzuri. Kwa leza tafuta gundi iliyoandikwa kuwa inafaa kubandikia leza ya PVC, plastiki ambayo leza imetengenezwa nayo.

Kunata kwa juu huisha kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini ya maji, kitambaa kikibadilishwa mara kwa mara. Petroli na thina huvuta mafuta yaliyobaki, na leza itapasuka mapema. Mafuta ya nazi na mafuta ya mgando hung'arisha kwa siku chache, kisha hushika vumbi na kuingia kwenye mishono. Dawa za kung'arisha zenye silikoni ni mbaya kwa namna nyingine: ukitaka baadaye kupaka rangi ya leza au kubandika kiraka, hakitashika mpaka uitoe silikoni yote, na kuitoa ni kazi ya kutesa.

Ufa ulio mbali na mshono na haujafika kitambaa cha mgongo unaweza kuzibwa kwa kiraka cha ndani: penyeza kipande cha kitambaa chini ya ufa, gundi inayobaki laini ikikauka, kandamiza usiku kucha. Ufa juu ya mshono usiubandike. Fumua kipande, kitumie kama kielelezo ukiwa umekilaza bapa juu ya leza mpya, ukate kwa kufuata matundu ya zamani ya sindano badala ya ukingo, kwa sababu ukingo umevutika kwa miaka na matundu hayajahama sana.